Kiwavi Katika Nyumba ya Eda

Mtu atokaye Mombasa kwenda Lamu kwa basi huondoka kungali giza, na hufika akiwa amebeba uchovu wa kaunti tatu mabegani. Njia hupita Kilifi na Malindi, ikauvuka mto Tana karibu na Garsen, ikaingia Witu. Tangu sehemu hiyo ya mwisho itiwe lami safari imekuwa nyepesi, ingawa vizuizi vya ukaguzi vingalipo, na abiria huteremka kila mara kuonyesha vitambulisho. Bara hukoma Mokowe. Hapo mtu huingia mashuani na mizigo yake, na baada ya mwendo mfupi wa mkondo huuona mji umejipanga mbele ya maji, nyumba nyeupe kwa nyumba za rangi ya mchanga, na nyuma yake ngome iliyomalizika kujengwa mwaka 1821.

Mara zote nilizokwenda Lamu nilikwenda kwa furaha: harusi, Maulidi, mtoto kuzaliwa. Safari hii ya mwezi wa Novemba nilikwenda kukaa na dada yangu, aliyekuwa eda. Mumewe alikuwa amefariki mwanzo wa Oktoba. Mazishi nilihudhuria nikarudi, kama tulivyorudi sote, na binti zake wawili nao wakarejea kwa waume zao, mmoja Malindi na mwingine Maskati. Nyumbani alibaki yeye na mjukuu wake wa miaka tisa. Siku moja mtoto huyo alinipigia simu kwa siri akaniambia, “Nyanya mdogo, Nyanya hasemi.” Nikakata tikiti.

Nyumba yao iko Mkomani, ndani kabisa, pale ambapo vichochoro huwa vyembamba kiasi cha punda aliyebeba mawe kumlazimu mtu arudi kinyumenyume hadi kwenye daka la jirani. Ni nyumba ya kale ya mawe ya matumbawe na chokaa, yenye vyumba virefu visivyo na upana, kwa kuwa upana wa chumba cha Kiamu haukupimwa na fundi bali na boriti ya mkoko, na boriti haiendi zaidi ya mita tatu hivi. Katikati kuna kiwanda kilicho wazi juu. Upande mmoja wa kiwanda kuna birika ambalo ndani yake wazee waliweka samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Upande wa pili, katika shimo lililoachwa bila sakafu, umeota mwasmini.

Mti huo aliupanda marehemu shemeji yangu mwaka walioingia nyumba ile, miaka thelathini na minane iliyopita. Yeye alikuwa fundi wa mashua, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa, lakini kila alasiri aliporudi kazini alinawa, akasali, kisha akauendea mti ule akachuma vichipukizi vilivyokuwa bado vimefumba. Akaviweka katika kisahani kando ya mto wa mkewe. Vikifumbuka usiku, chumba kizima kikanukia. Wanawake wa mtaani walimtania kwa hilo, naye hakujali.

Sasa hapakuwa na wa kuchuma. Mwanamke aliye eda hajitii manukato, na asmini kwa wanawake wetu ni manukato kabla ya kuwa ua. Basi maua yalifumbuka pale pale mtini, yakaanguka alfajiri juu ya sakafu ya chokaa, yakageuka rangi ya kahawia kabla ya adhuhuri. Dada yangu aliyafagia mwenyewe kila siku, akakataa kusaidiwa. Hiyo ndiyo kazi niliyomkuta nayo. Aliniamkia, akanipokea vizuri, akanipikia. Ila mjukuu alikuwa amesema kweli. Tulikaa wiki mbili na zaidi tukizungumza habari za chumvi na mkaa.

Mwanzo wa Desemba, mvua za vuli zilipokuwa zimekwisha kunyesha na kaskazi inaanza kuvuma, nilimwona dada ameinama juu ya ufagio kwa muda mrefu. Sakafuni, katikati ya maua, palikuwa na chembe nyeusi, kubwa kuliko pilipili manga, kila moja ina mifereji kama iliyochongwa. Alizisukuma kwa kidole. “Hizi si za panya,” alisema. Nilifurahi kumsikia akisema jambo ambalo si chumvi wala mkaa, nikamwita mtoto.

Mtoto alizipata dalili nyingine kabla yetu. Tawi moja lilikuwa limebaki vijiti vitupu, majani yameliwa hadi kikonyo. Alilifuata tawi kwa macho, polepole, kisha akaweka mkono kinywani. Kiwavi mwenyewe alikuwa mbele yetu muda wote. Alikuwa na urefu wa kidole cha shahada na unene kukishinda, rangi yake manjano yenye kukaribia ukijani, na ubavuni ana milia saba ya kukingama, buluu iliyochanganyika na zambarau, kama kitambaa cha leso kilichokunjwa vizuri. Nyuma ana pembe ndogo iliyopinda, yenye vinundu. Hakuwa na nywele hata moja. Sisi tumelelewa kuogopa viwavi kwa sababu ya nywele zao zinazowasha. Huyu alikuwa laini kama kitu kilichopakwa mafuta. Mtoto alipokigusa kijani alichoshikilia, kiwavi aliinua kichwa akatoa sauti ya tik-tik kwa meno yake, akatuonya.

Jirani yetu, mwana wa Amu aliyekula chumvi nyingi, alikuja akatazama kwa mbali. “Mkateni tawi mumtupe,” alisema. “Mdudu wa pembe nyumbani mwa msiba si mwema.” Nami, kwa nia tofauti, nilikubaliana naye. Mti ule ulikuwa kumbukumbu ya marehemu, na mdudu alikuwa akiumaliza mbele ya macho yetu. Nilikwenda kuchukua mkasi.

“Mwache,” alisema dada.

“Ataula wote.”

“Utaota tena. Maua yenyewe nani anayachuma?”

Basi akaachwa. Mtoto akaomba amfuge, na nyanya yake akamruhusu kwa sharti kwamba asimpeleke nje ya kiwanda na asimtese. Mtoto huyu alikuwa na ujuzi kidogo. Likizo iliyotangulia mama yake alimchukua Gede, penye magofu ya mji wa kale, ambako tangu mwaka 1993 wakulima wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo na nondo. Kule wanawake kwa wanaume huwalea viwavi katika vizimba vya neti, wakawalisha majani ya msituni, kisha pupa zao hununuliwa na mradi uitwao Kipepeo na kusafirishwa kwa ndege hadi Ulaya na Marekani, wakaanguliwe huko katika nyumba za maonyesho. Mtoto alirudi na somo moja kubwa: kiwavi hali kila jani. Ana mti wake, na ukimpa mwingine atakufa njaa akiwa amekaa juu ya chakula.

Tulimtafutia ndoo ya plastiki ya zamani ya samli, tukaifunika kwa kipande cha chandarua, na kila asubuhi na jioni mtoto akakata matawi mabichi ya asmini. Mtu ambaye hajawahi kufuga kiwavi hawezi kuamini ulaji wake. Hula kuanzia ukingo wa jani kwenda ndani, kwa kichwa kinachopanda na kushuka kama sindano ya cherehani, na nyumba ikiwa kimya mtu humsikia. Siku ya tano tulianza kuihofia akiba ya majani. Ndipo niliposoma katika simu kwamba kiwavi wa aina hii hula pia majani ya mbilingani, nikamtuma mtoto kwa jirani yule yule aliyetaka atupwe, ambaye ana mibilingani uani. Akatupa majani, na ushauri juu yake. Kiwavi aliyagusa majani ya mbilingani akayaacha. Alikwisha zoea asmini, na mtoto akasema ana haki.

Lakini siku hiyo ya kusoma simu nilisoma jambo lingine, nalo lilininyima usingizi. Niliona picha ya nondo atakayetoka kwa kiwavi yule. Ni nondo mkubwa, upana wa mabawa yake hufika sentimita kumi na zaidi, mabawa ya mbele meusi yenye vumbi la kahawia, ya nyuma manjano, tumbo la milia. Na mgongoni, nyuma ya kichwa, ana alama iliyochorwa wazi kabisa: fuvu la kichwa cha mtu. Wazungu walimwogopa kwa karne nyingi. Carl Linnaeus alipomwandika katika daftari la wanyama mwaka 1758 alimpa jina la Atropos, ambaye katika hekaya za Wayunani ndiye akataye uzi wa uhai. Tena nondo huyo hulia. Akishikwa husukuma hewa kwa nguvu kupitia mdomoni, akatoa mlio kama wa panya.

Mimi si mtu wa kuamini uchuro. Dini yetu imeukataa, na najua nondo ni nondo. Ila niliwaza dada yangu, ambaye ndiyo kwanza ameanza kuinua uso, akifunguliwa ndoo siku moja usiku na kukutana na fuvu linalolia. Sikumwambia mtu.

Siku ya tisa kiwavi aliacha kula. Alikuwa amefika urefu wa sentimita kumi na mbili, na manjano yake ikaanza kuchafuka, ikawa kama majani makavu. Alizunguka ndani ya ndoo usiku kucha, akipapasa ukuta wa plastiki. Mtoto alilia akidhani anakufa. Kwa kweli alikuwa akitafuta ardhi. Viwavi wengine hujifungia katika kifukofuko cha hariri majanini, lakini huyu hujizika; hushuka mtini, akachimba chini kiasi cha shubiri au zaidi, akajitengenezea chumba cha udongo na kujivua ngozi humo. Tulikuwa tumempa kila kitu isipokuwa hicho. Dada yangu ndiye aliyetambua. Alichota udongo chini ya mwasmini, akaupepeta mawe, akajaza debe la zamani la mafuta hadi robo tatu, akanyunyiza maji kidogo, akamweka kiwavi juu. Hatukuhesabu dakika tano. Kichwa kiliingia, mwili ukafuata, na pembe ikawa ya mwisho kuzama.

Dada alikaa pale akilitazama debe. Nami nilitazama kwingine. Sote wawili tulikuwa tumewaza jambo moja.

Siku zilizofuata hazina mengi ya kusimulia. Debe lilikaa chini ya ngazi, kivulini. Mtoto alilitembelea kila saa, na siku ya kumi uvumilivu ukamwishia akafukua. Alikuja mbio na kitu kiganjani: kama tende kubwa iliyokaushwa na kusuguliwa, hudhurungi ya kung’aa, haina miguu wala mdomo. Hicho ndicho wataalamu wakiitacho pupa, jina la ajabu katika lugha yetu kwa kiumbe ambaye kwa majuma matatu hana pupa ya jambo lolote. Tulipoishika ikapindapinda mkia, na mtoto nusura aiangushe. Chumba chake cha udongo kilikuwa kimebomoka, hakikuweza kujengwa tena. Tukatandika mchanga wenye unyevu, tukafinyanga shimo kwa kidole gumba, tukailaza humo na kuifunika kitambaa. Dada alichomeka kando yake kijiti cha asmini kikavu, kwa sababu mtoto alikumbuka kutoka Gede kwamba anayetoka lazima apate pa kupanda, ayaning’inize mabawa yake chini. Akikosa, hukauka yakiwa yamekunjamana na hataruka kamwe.

Usiku wa siku hiyo niliamua. Nilisubiri wote walale, nikalichukua debe nikaelekea mlangoni. Nia yangu ilikuwa kulipeleka kwenye kiwanja kilichojaa magugu nyuma ya mtaa, niiache pupa huko, na asubuhi niseme paka amelipindua. Uongo mdogo, nilijiambia. Nilipofika kwenye kitasa nikasikia mkeka ukikwaruza. Dada alikuwa macho, amekaa juu ya msala gizani.

“Unampeleka wapi?”

Nikamwambia yote. Fuvu, mlio, jina la Kiyunani, hata hofu yangu. Alisikiliza hadi mwisho.

“Nilimwosha mume wangu kwa mikono hii,” alisema. “Nikamfunga kitambaa kidevuni. Wewe unadhani nitaogopa picha mgongoni mwa mdudu?”

Nilirudisha debe chini ya ngazi. Nilipogeuka alikuwa amepisha nafasi kwenye msala, nami nikakaa, na usiku ule akazungumza hadi adhana ya alfajiri. Alianza na siku ya mwisho, kisha akarudi nyuma, ugonjwa, mashua ya mwisho aliyoitengeneza marehemu na ambayo mwenyewe hajaja kuichukua, ugomvi wao juu ya binti wa pili, kisahani cha asmini. Alisema jambo lililomwumiza zaidi ni kwamba watu wote waliomjia walimwambia asubiri, na hakuna aliyemwuliza alikuwa mtu wa namna gani. Mimi nilikuwa mmoja wa watu hao. Sikuwa na la kujibu, nikamwuliza sasa.

Siku zilizobaki ziliendelea hivyo. Eda ni miezi minne na siku kumi, kama ilivyotajwa katika Suratul Baqara, aya ya 234, na inahesabiwa kwa mwezi mwandamo. Wengi wetu tunaihesabu kwa makatazo yake: asitoke ila kwa dharura, asijipambe, asijitie manukato. Nikiwa ndani ya nyumba ile niliona upande ambao sikuwahi kuuona. Ni muda ambao hakuna mwenye haki ya kumwambia mwanamke aharakishe. Watu waje au wasije, muda ni wake. Naandika haya nikijua kuwa wako wajane ambao wamefungiwa na watu kwa ukali ambao sheria haikuuagiza, na wengine ambao hawakupewa hata wiki moja kabla ya kudaiwa nyumba.

Januari ilipoingia, siku ya ishirini na mbili tangu kiwavi ajizike, umeme ulikatika baada ya isha, jambo la kawaida Lamu. Tulikuwa kiwandani na kandili. Mtoto ndiye aliyesikia kitambaa kikitikisika. Alipokifunua, pupa ilikuwa imepasuka kichwani, na kitu chenye manyoya, kimelowa, kinajivuta kutoka kama mtu avuaye kanzu iliyombana. Mabawa yake yalikuwa vijikunjo viwili visivyo na maana. Kilipapasa mchanga, kikakipata kijiti, kikapanda hadi juu kikatulia.

Sijui kama nimewahi kukaa kimya na ndugu yangu muda mrefu kiasi kile nikiwa na furaha. Mabawa yalishuka polepole kama pazia linalojaa upepo. Baada ya saa moja hivi yalikuwa kamili, mwanzoni laini kama karatasi yenye maji, kisha yakakazana, akayalaza mgongoni mwake kama paa la makuti. Nilisogeza kandili. Fuvu lilikuwepo, rangi ya manjano hafifu, macho mawili meusi na taya.

Dada aliinama akalitazama kwa makini. “Hili ni uso wa nyani,” alisema. “Wazungu wameona fuvu kwa sababu walilitaka.” Mtoto akaangua kicheko, nami pia, na nikitazama tena nikaona kweli ni nyani.

Ilikuwa lazima aachiwe juu, mbali na kandili, maana nondo na moto ni jambo linalojulikana. Hata Suratul Qaaria, inapoeleza hali ya watu Siku ile, imewafananisha na nondo waliotawanyika. Dada alichukua kijiti kwa mkono wake. Ngazi ya kwenda darini hakuipanda tangu marehemu alipotolewa nyumbani, kwa kuwa darini ndipo walipokuwa wakikaa jioni wakipunga upepo. Alipanda. Mtoto alimtangulia, mimi nikafuata na kandili nikaiacha ngazini.

Juu kulikuwa na kaskazi nzuri, mji umezimika wote hadi Langoni, nyota zimeshuka. Nondo alianza kutetemesha mabawa, na mtoto akashindwa kujizuia akamgusa. Akalia. Mlio mwembamba, mkali, wa kitu kidogo kilichokasirika. Dada alishtuka, kijiti kikamponyoka, na yule nondo akaruka kabla hakijaanguka. Tulisikia mvumo wake kuliko tulivyomwona. Alipita juu ya ukuta, akaelekea upande wa bahari, au pengine upande wa bara ya Witu kwenye mizinga ya nyuki. Maana nondo huyu, msomaji, ni mwizi: huingia mizingani usiku, mwilini mwake ana harufu inayofanana na ya nyuki wenyewe, akanywa asali na kutoka salama.

Nilirudi Mombasa wiki iliyofuata, shule zikiwa zimefunguliwa na nyumba yangu ikiniita. Mwasmini niliuacha una upara upande mmoja, na kwenye matawi yaliyoliwa majani mapya yamechomoza, madogo kama masikio ya panya. Eda ya dada ilimalizika katikati ya Februari. Siku ya tatu baada yake nilipokea ujumbe kutoka kwa mtoto, kwa simu ya nyanya yake. Kulikuwa na picha ya sakafu ya chokaa, ufagio, na chembe nyeusi sita au saba katikati ya maua, na chini yake ameandika: “Nyanya anauliza lile debe la mafuta uliliweka wapi.”